Bwana wa Usiku: Kabaila, Jini na Mumiani katika Hadithi ya Kigothiki

1. Utangulizi

Neno bwana limebeba mizigo mingi katika Kiswahili. Bwana ni mume wa mtu. Bwana ni mwenye mali na watumwa. Bwana ni neno la adabu ambalo mwanamume yeyote huitwa kabla ya jina lake. Na katika Nairobi ya wakoloni, bwana, au bwana mkubwa, alikuwa Mzungu mwenye shamba au mwenye ofisi. Msemaji wa Kiswahili hupita kutoka maana moja hadi nyingine bila taabu, kwa kuwa muktadha humwongoza. Lakini ziko hadithi ambazo maana hizo zote hukutana ndani ya mhusika mmoja, na hapo ndipo muktadha unaposhindwa kumsaidia mfasiri.

Makala haya yanakusudia kueleza aina moja ya hadithi za namna hiyo, yaani hadithi ya kigothiki ya mapenzi, ambamo msomi, mara nyingi mwanamke, anapendana na kabaila wa ajabu ambaye si kiumbe kama viumbe wengine. Aina hii ilizaliwa Ulaya, lakini haikuwa ngeni Nairobi. Katika vitongoji vya magharibi ya mji huo aliishi mwandishi aliyekuja kukipa kitabu chake cha kwanza mashuhuri jina la hadithi za kigothi. Na katika mitaa ya Waafrika ya mji huo huo, katika miaka ile ile, watu walisimuliana habari za wanyonya damu ambazo hazikutoka katika kitabu chochote.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kabaila wa kigothiki, ambaye katika fasihi ya Ulaya ni mtu mmoja, katika Kiswahili amegawanyika kuwa wawili. Upande wake wa mapenzi, utajiri na nasaba umechukuliwa na jini. Upande wake wa damu umechukuliwa na mumiani. Mgawanyiko huu si wa bahati tu. Una historia, na mfasiri au mwalimu asiyeijua historia hiyo atawaunganisha tena watu wawili ambao jamii ilikuwa na sababu ya kuwatenga.

2. Asili ya istilahi

Wagothi walikuwa watu wa jamii ya Kijerumani walioivamia Dola ya Kirumi katika karne zake za mwisho. Miaka mingi baadaye wasomi wa Italia walilichukua jina lao wakalifanya tusi: majengo ya Zama za Kati, yenye matao yaliyochongoka na madirisha marefu, waliyaita ya Kigothi, wakiwa na maana ya kishenzi. Mkazi wa Nairobi hana haja ya kusafiri ili auone mtindo huo. Kanisa Kuu la All Saints, lililo karibu na katikati ya mji, lilichorwa na Mwingereza Temple Moore kwa kuiga majengo hayo ya kale. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, na ujenzi ukakamilika mwaka 1952. Hivyo jina lililoanza kwa dharau lilikwisha kuwa jina la heshima kabla halijafika Afrika ya Mashariki.

Katika fasihi, jina hilo liliingia kwa mkono wa Horace Walpole, ambaye mwaka 1764 alitoa The Castle of Otranto, na katika toleo la pili la mwaka 1765 akaiita waziwazi hadithi ya kigothi. Walifuata wengi. Ann Radcliffe, katika miaka ya 1790, alipendelea kuyaeleza mwishoni maajabu yote yaliyomtisha msomaji, ikabainika kwamba hapakuwa na mzimu bali mtu na hila zake. Mwaka 1819 John Polidori, aliyekuwa daktari wa mshairi Byron, alichapisha The Vampyre, na kwa kitendo hicho akamtoa mnyonya damu makaburini mwa wakulima wa Ulaya ya Mashariki akamvisha nguo za mabwana wa London. Mhusika wake, Lord Ruthven, ni wa ukoo mkubwa, mtanashati, na mwenye kuua. Charlotte Brontë, katika Jane Eyre ya mwaka 1847, alimtuma mwalimu maskini katika nyumba kubwa ya bwana mwenye siri iliyofungiwa orofa ya juu. Bram Stoker, mwaka 1897, alitoa Dracula, ambamo kabaila wa Transylvania anawindwa na kundi linaloongozwa na profesa.

Katika kazi hizo mambo manne hujirudia. La kwanza ni nyumba, ambayo ni kubwa na kongwe, na yenye chumba kisichofunguliwa. La pili ni siri ya ukoo. La tatu ni bwana mwenyewe, ambaye hujulikana kwa cheo lakini hajulikani kwa asili. La nne ni msomaji aliye ndani ya hadithi, yaani mtu wa vitabu anayejaribu kuisoma nyumba hiyo na bwana huyo kama mtu anavyosoma maandishi ya lugha ngeni. Kwa Stoker, msomi ni adui wa kabaila. Katika karne iliyofuata uadui huo ulilegea, na msomi akawa mchumba. Mfano ulio wazi ni A Discovery of Witches ya Deborah Harkness, iliyotoka mwaka 2011, ambamo mwanahistoria Diana Bishop anafungua hati ya kale katika maktaba ya Bodleian huko Oxford, na hati hiyo inamkutanisha na Matthew Clairmont, mnyonya damu wa ukoo wa kikabaila wa Ufaransa, ambaye naye ni mtaalamu wa sayansi. Harkness mwenyewe ni mwalimu wa historia wa chuo kikuu. Msomi ameandika juu ya msomi.

Ni vema kuuliza kwa nini mnyonya damu alifanywa kabaila. Jibu moja lilitolewa na Karl Marx, ambaye katika Kapitali ya mwaka 1867 aliutumia mfano wa mnyonya damu kuueleza mtaji, unaoishi kwa kufyonza kazi ya walio hai. Kiswahili kililifikia wazo hilo kwa njia yake. Lugha ya siasa ya Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilijenga msamiati mzima juu ya kitenzi nyonya: mnyonyaji, unyonyaji, kupe, na ile mirija iliyotakiwa kukatwa. Msemaji wa Kiswahili asiyewahi kusikia habari za Dracula anazo tayari sitiari zake zote. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili hakuna anayempenda mnyonyaji.

3. Nyumba iliyo chini ya Ngong

Karen Dinesen, Mdenishi, alifika Mombasa Januari 1914, akaolewa huko tarehe 14 ya mwezi huo na Bror von Blixen-Finecke, baroni wa Uswidi. Kwa ndoa hiyo alipata cheo, na pamoja na cheo shamba la kahawa upande wa magharibi ya Nairobi, chini ya vilima vya Ngong. Nyumba ambamo alikuja kuishi ilikuwa imejengwa mwaka 1912. Ndoa ilivunjika rasmi mwaka 1925. Shamba, lililokuwa mahali pa juu mno kwa kahawa, lilishindwa, likauzwa mwaka 1931 na baadaye kukatwa viwanja. Kitongoji kilichotokea huitwa Karen hadi leo, na nyumba yenyewe ilifunguliwa kuwa jumba la makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu ya Out of Africa kutoka.

Ndani ya nyumba hiyo aliingia na kutoka Denys Finch Hatton, mtoto wa kiume wa lodi wa Winchilsea. Kwa jinsi Blixen alivyomweleza katika Out of Africa, kitabu cha mwaka 1937, Finch Hatton ana kila sifa ya bwana wa kigothiki isipokuwa damu. Hana nyumba yake mwenyewe. Hufika bila taarifa kutoka safari za mwituni na huondoka vivyo hivyo. Huleta vitabu na santuri. Humfundisha mwanamke Kilatini na washairi wa Kigiriki, na usiku, mbele ya moto, huketi kusikiliza hadithi ambazo mwanamke huyo ametunga alipokuwa hayupo. Alikufa tarehe 14 Mei 1931, ndege yake ilipoanguka huko Voi, akazikwa katika vilima vya Ngong. Blixen alisimulia kwamba baadaye alipelekewa habari kuwa simba wameonekana wakilala juu ya kaburi hilo. Mwandishi wa hadithi za kigothiki asingeweza kubuni mwisho uliofaa zaidi. Lakini ni sharti ikumbukwe kwamba hayo yanajulikana hasa kwa sababu mwandishi wa hadithi za kigothiki ndiye aliyeyasimulia.

Blixen alirudi Denmark mwaka huo huo, na mwaka 1934 alichapisha Marekani, kwa jina la Isak Dinesen, Seven Gothic Tales. Mwaka 1935 alikitoa kitabu hicho kwa lugha yake ya kuzaliwa. Mabadiliko ya jina yanastahili kuangaliwa na kila mwanafunzi wa tafsiri: kwa Kidenishi hakukiita tena cha kigothi, bali Syv fantastiske Fortællinger, yaani masimulizi saba ya ajabu. Mwandishi aliyejitafsiri mwenyewe, baina ya lugha mbili za Ulaya zilizo jirani, aliona istilahi hiyo haivuki salama. Mfasiri wa Kiswahili asione aibu akisitasita.

Hadithi saba hizo hazizungumzii Kenya. Hata hivyo mojawapo, The Dreamers, huanzia ndani ya jahazi linalosafiri kutoka Lamu kwenda Zanzibar mwaka 1863. Katika jahazi hilo yumo msimuliaji mashuhuri, Mira Jama. Lakini sifa zake ni za zamani, na hadithi kuu ya usiku huo inasimuliwa na Mwingereza aitwaye Lincoln Forsner, na inahusu Ulaya. Picha hiyo ni fupi lakini inaeleza mengi: bahari ni ya Waswahili, chombo ni cha Waswahili, msimuliaji wa pwani yupo, na anayesema ni mgeni.

Jambo hilo ndilo lililowakera wahakiki wa Kiafrika. Ngũgĩ wa Thiong'o alimshambulia Blixen katika Detained (1981) na tena katika Moving the Centre (1993), akidai kwamba mapenzi yake kwa Waafrika yalikuwa mapenzi ya bwana kwa wanyama wake. Ikumbukwe kwamba Ngũgĩ, pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, ndio waliotoa Nairobi mwezi Oktoba 1968 waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ifutwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati, nyingine zote zikitazamwa kutoka hapo. Waraka ule haukusema kwamba fasihi ya Ulaya isisomwe. Ulisema isomwe kutoka mahali. Swali linalofuata ni hili: hadithi ya kigothiki huonekanaje ikisomwa kutoka Nairobi ya Waafrika, si kutoka barazani kwa Blixen?

Dokezo moja limo katika maandishi yake mwenyewe. Katika Shadows on the Grass, kitabu cha mwaka 1960, iko sura iliyopewa jina la Kiswahili, Barua a Soldani. Mfalme wa Denmark alikuwa amemwandikia Blixen barua ya kumshukuru kwa ngozi ya simba. Mfanyakazi mmoja alipovunjika mguu shambani, na dawa zikiwa zimekwisha, Blixen alimwekea kifuani barua hiyo, akimwambia kwamba maneno ya mfalme huondoa maumivu. Tangu hapo wafanyakazi wengine wakaja kuiomba, na karatasi ikawa hirizi. Mwanaisimu ataona kwanza upatanisho wa kisetla katika jina hilo, barua a badala ya barua ya. Mhakiki ataona jambo la pili. Nyumba ya kigothiki ina maandishi yenye nguvu za ajabu, yaliyotoka kwa mfalme wa mbali. Lakini safari hii anayeyahitaji si msomi mwenye mashaka ya moyo, bali kibarua mwenye mfupa uliovunjika. Mahali pa daktari pamejazwa na karatasi ya kabaila.

4. Jini: bwana apendaye

Fasihi ya Kiswahili haikungoja Ulaya ili ipate mapenzi baina ya binadamu na asiyekuwa binadamu. Katika pwani yote, kutoka Lamu hadi Kilwa na visiwani, watu hulijua jini mahaba. Jini huyo humpenda mtu, humjia ndotoni, humwonea wivu, na humzuilia ndoa au uzazi kwa kuwa anajihesabu kuwa mume, au mke, aliyetangulia. Dawa yake ni ya mashauriano zaidi kuliko ya vita: huulizwa jina lake na atokako, hupewa anachotaka, au husomewa Kurani ili aondoke. Mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti, na lugha ya kilinge humtaja pepo huyo kwa adabu zote apewazo mgeni wa heshima.

Nasaba ni sehemu ya mambo hayo. Pepo hutambulikana kwa makabila na kwa nchi. Zanzibar wako kibuki, ambao asili yao hutajwa kuwa Bukini, yaani Madagaska, na ambao huhusishwa na wafalme wa huko. Hupenda brandi, na huheshimiwa kwa cheo chao. Hapa kuna kabaila wa kigeni, asiyekufa, mwenye kumchagua mtu na kumdai. Sifa tatu kati ya zile nne za hadithi ya kigothiki zimetimia bila ngome wala theluji.

Maandishi nayo yamezitumia sifa hizo. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), alimpa shujaa wake rafiki wa kijini, Huria, binti wa mfalme wa majini, na alimfikisha katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Muhammed Said Abdulla, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, alifuata njia iliyo karibu na ya Radcliffe: mzimu upo, hofu ipo, lakini Bwana Msa hutumia akili akaonyesha mkono wa mtu. Baadaye Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka, iliyochapishwa Nairobi mwaka 2001, aliuacha mzimu ubaki mzimu, akamtumia babu aliyekufa kumhukumu mjukuu aliyenenepa kwa mali ya umma. Katika kazi hizi zote tatu asiyekuwa binadamu ana jambo la kudai, nalo ni la haki. Hanyonyi damu ya mtu.

5. Mumiani: bwana anyonyaye

Damu ina neno lake jingine. Mumiani ni neno lililotoka Uajemi, nalo lina asili moja na neno ambalo lugha za Ulaya hulitumia kwa maiti zilizohifadhiwa za Misri. Mwanzoni ni jina la kitu: aina ya lami nyeusi iliyotumiwa kuwa dawa ya mifupa iliyovunjika na maumivu ya mwili. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaieleza dawa hiyo, kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi huamini imetengenezwa kwa damu ya watu waliouawa kwa ajili hiyo, na kwamba uvumi wa kutafutwa mumiani ukizuka, watu hawatoki nje baada ya jua kutua.

Sarufi imeandika historia ya neno hili kuliko kamusi. Maadamu mumiani ni dawa, husemwa mumiani hii, kama kitu chochote cha ngeli hiyo. Katika masimulizi ya watu, upatanisho umegeuka: mumiani huyu, mumiani wamekuja. Kitu kimekuwa mtu. Dawa imekuwa mwenye kuitafuta dawa. Ni nadra mwanaisimu kupata mfano ulio dhahiri kama huu wa hofu ya jamii ikihamisha neno kutoka ngeli ya vitu hadi upatanisho wa viumbe hai.

Nairobi ilipendelea neno jingine, wazimamoto. Hili halikutoka Uajemi. Ni jina la kazi, lililoundwa kwa zima na moto, na lililokuwa geni kama idara yenyewe ya kuzima moto. Luise White, mwanahistoria wa Marekani, aliwahoji wakazi wa zamani wa mitaa ya Waafrika ya Nairobi, na katika Speaking with Vampires ya mwaka 2000 akaitenga sura nzima kwa masimulizi ya mji huo ya baina ya miaka 1919 na 1939. Yalisema kwamba wazimamoto huwakamata watu usiku na kuwatoa damu kwa ajili ya wakubwa wao. Masimulizi hayo yaligusa sana wanawake waliokuwa wakiishi peke yao, wengine wao wakiwa wenye nyumba zao wenyewe. Uvumi wa jinsi hiyo ulienea mbali kwa majina mbalimbali: Uganda ulilichukua neno la Nairobi na kulipa kiambishi cha ba-, Kongo walisema batumbula, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, banyama.

Wazimamoto hana sifa za Lord Ruthven. Hana ukoo wala ngome, na si maiti aliyefufuka. Ana kazi ya mshahara, sare na gari. Mara nyingi ni Mwafrika aliyetumwa. Bwana mwenyewe, yule anayeihitaji damu, haonekani. Ndiyo kusema kwamba masimulizi ya Nairobi yalimwona mnyonya damu kama mfumo, si kama mtu. Ni miaka ile ile ambapo kipande kilivaliwa shingoni na mwanamume Mwafrika aliyetaka kutembea kutafuta kazi, na ambapo ardhi iliyozunguka mji ilikuwa imekwisha kugawiwa walowezi. Mtu anayeamini kwamba damu yake inachukuliwa na idara, kwa utaratibu, usiku, kwa faida ya asiowajua, amekosea juu ya damu. Juu ya mengine hakukosea sana.

Sasa Nairobi mbili zinaweza kuwekwa pamoja. Katika kitongoji cha magharibi, mbele ya moto, mwanamke mwenye cheo anamsimulia mtoto wa lodi hadithi za mabwana wa ajabu, na hofu ni starehe ya jioni. Katika mitaa ya Waafrika ya mji huo huo, mwanamke asiye na cheo anafunga mlango wake kwa komeo, na hofu ni tahadhari. Wote wawili wanasimulia hadithi za kigothiki. Mmoja tu ndiye aliyepewa jina hilo.

6. Suala la tafsiri

Mfasiri anayetaka kumleta kabaila mnyonya damu katika Kiswahili ana maneno kadhaa mbele yake. Vampaya ni neno la kukopa. Halina historia, na kwa hiyo halina hofu. Mnyonya damu ni maelezo sahihi, lakini limeshughulishwa na siasa, na msomaji aliyekua na msamiati wa Azimio atamhukumu mhusika kabla hajafungua kinywa. Popobawa, lililoenea baada ya taharuki ya Pemba na Unguja ya mwaka 1995, ni la kisa chake maalumu, na mapenzi hayamo kabisa. Kizuka ni zuri kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu pamoja na maana ya mzuka lina maana ya mjane aliye katika eda. Yaani ndani ya neno moja kuna asiyeonekana na mwanamke aliyefungwa naye. Lakini kizuka hana damu wala nasaba.

Linabaki mumiani, ambalo wengi hulipendekeza haraka. Hapo ndipo penye hatari. Mwanamke wa kitabuni anayempenda mumiani, katika masikio ya msomaji mzee wa Nairobi au Mombasa, hapendi bwana wa ajabu. Anampenda mtu aliyetumwa kuwakamata jirani zake. Hadithi ya mapenzi inageuka kuwa hadithi ya usaliti. Huenda mwandishi akataka hivyo, na akifanya hivyo kwa kujua anaweza kuandika riwaya kubwa. Mfasiri hana ruhusa ya kufanya hivyo kwa kutokujua.

Msomi naye ana historia yake. Neno hilo limetokana na kusoma, na pwani kusoma kulianza kwa Kurani. Katika nchi ya Wakikuyu inayopakana na Nairobi, athomi, neno lenye asili moja na kusoma, walikuwa wale waliokwenda misheni, wakashika kitabu na kutengana na mila za wazee. Kwa hiyo msomi, katika mazingira haya, tayari ni mtu aliyevuka mpaka na kuingia nyumba ya mgeni. Mwanamke msomi anayempenda kabaila wa kigeni anairudia safari hiyo kwa mwili wake. Mfasiri akiandika msomi, ameandika hayo yote. Hana haja ya kuongeza neno.

Na tuchukue sentensi moja nyepesi: Bwana wake alikuja usiku wa manane. Katika riwaya ya Ulaya sentensi hiyo ingelazimika kuchagua baina ya mume, mpenzi, mwajiri na lodi. Kiswahili hakichagui. Msomaji wa pwani anaweza kusikia jini. Aliyewahi kuwa boi katika nyumba ya mlowezi anaweza kumsikia mwenye nyumba. Mwanamke wa mtaani anaweza kusikia mume, au mwingine asiyekuwa mume. Sifa ambayo mwalimu wa sarufi angeiita utata ndiyo hasa hali ya hadithi ya kigothiki, ambayo kiini chake ni kutojua anayebisha hodi ni nani. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba kabaila wa hadithi hizo aitwe bwana muda wote ambao asili yake haijafichuliwa. Aitwe jini pale ambapo madai yake ni ya mapenzi na nasaba. Na mumiani lihifadhiwe kwa yule anayechukua damu kwa amri ya mwingine. Jina kabaila lifae kwa mhakiki, kwa kuwa linataja tabaka na halina uchawi wowote.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba hadithi ya kigothiki ya mapenzi ina masharti manne, na kwamba Nairobi iliyatimiza katika maisha na katika vitabu vya watu wa tabaka moja, huku tabaka jingine likitunga hadithi zake lenyewe juu ya hofu hiyo hiyo. Imeonyeshwa pia kwamba Kiswahili kilimgawa bwana wa kigothiki, kikampa jini mapenzi na kumpa mumiani damu. Sababu yake haiko mbali. Ulaya iliweza kumpenda kabaila mnyonya damu baada ya kabaila huyo kupoteza nguvu zake. Alipokuwa hana tena uwezo wa kumfukuza mtu shambani, alifaa kuwekwa riwayani. Afrika ya Mashariki ilikutana naye angali na hati ya shamba mkononi.

Wanafunzi wa Nairobi husoma riwaya hizi kwa Kiingereza, na hakuna ubaya kuzipenda. Lakini msomaji anayezipata kwa Kiingereza tu humpata bwana peke yake. Milio ya nje ya nyumba haimfikii. Zikitafsiriwa kwa Kiswahili, maneno yenyewe yataileta: mpishi yumo ndani ya bwana, kibarua yumo ndani ya unyonyaji, na mwanamke aliyefunga mlango wake yumo ndani ya wazimamoto. Kazi ya mfasiri si kuwafukuza hao ili wapendanao wabaki faraghani. Ni kuwapa nafasi ya kukaa, kisha kuona kama mapenzi hayo yataweza kuendelea mbele yao.